Jina la Nondo Lina Faida Gani kwa Mkulima?

Usiku taa iwashwapo barazani, nondo huja mmoja mmoja wakaizunguka, na asubuhi twafagia mabawa yao mlangoni. Wengi wetu twawaita wote kwa jina moja tu, wala hatuoni haja ya kuwatenga. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa hao, mpaka mahindi yangu yaliponifundisha.

Katika masika ya mwaka 2017 niliona majani ya mahindi yametobolewa. Nikasema moyoni kwamba hawa ni viwavijeshi wale wale tuliowajua tangu utotoni. Nikanunua dawa, nikainyunyiza juu ya majani mchana wa jua kali, kisha nikarudi ofisini nimeridhika. Baada ya juma moja shamba lilikuwa baya kuliko kwanza. Bwana Shamba alipokuja, aliyapita majani yaliyotobolewa, akafungua kwa vidole moyo wa mmea mmoja, na chini ya kinyesi kilichofanana na vumbi la mbao akamtoa kiwavi. Akaniambia, "Huyu si yule."

Kweli hakuwa yule. Kiwavijeshi wetu wa zamani huitwa na wataalamu Spodoptera exempta. Atokeapo kwa wingi huwa mweusi kama mahameli, mwenye mistari ya manjano ubavuni, naye hula nyasi na nafaka hadharani akiwa katika jeshi kubwa. Mgeni wangu ni Spodoptera frugiperda, mwenyeji wa mabara ya Amerika, aliyeonekana kwanza Afrika ya Magharibi na ya Kati mwaka 2016, akafika Kenya mwaka 2017. Kipajini ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Huyu hujificha ndani ya moyo wa mmea, ndiyo maana dawa yangu iliangukia majani matupu.

Majina haya mawili mawili si mapambo. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, bingwa wa Uswidi, aliyatumia katika kuwapanga wanyama wote: jina la kwanza ni la ukoo, la pili ni la kiumbe mwenyewe. Kwa hiyo nondo hawa wawili ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini desturi zao ni mbali mbali. Jina frugiperda lilitolewa mwaka 1797 na J. E. Smith, Mwingereza, nalo kwa Kilatini lina maana ya mpotezaji wa mazao. Nadhani wakulima wenzangu hawatalipinga.

Je, wataalamu huwatambuaje? Rangi pekee haitoshi. Yule exempta, viwavi wake wakiwa wachache, huwa wa kijani na hukaa kimya nyasini. Wakisongamana ndipo huwa weusi. Mtu asiyejua angeapa kuwa ni aina mbili. Basi mtaalamu hutazama mishipa ya mabawa, papasi, na yale magamba madogo ambayo sisi twayaona kama vumbi vidoleni. Nondo wawili wakifanana mno, hukata ncha ya tumbo akachungua viungo vya uzazi kwa darubini, maana mara nyingi hapo ndipo tofauti huonekana wazi. Siku hizi hupima pia chembe za urithi.

Kisha nondo huchomwa sindano, akawekwa sandukuni pamoja na kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Aina mpya ielezwapo, nondo mmoja huchaguliwa awe shahidi wa jina hilo, akahifadhiwa katika jumba la makumbusho. Sisi makarani twalielewa jambo hili upesi: yeye ndiye hati ya asili katika faili, na kila ubishi wa baadaye hurudishwa kwake. Nondo asiye na kikaratasi ni kama barua isiyo na tarehe wala sahihi.

Nasi twaweza kufanya kazi kama hiyo kwa kadiri yetu. Ukiona kiwavi usiyemjua, mtie chupani, andika siku, shamba na mmea aliokuwa akila, umpeleke kwa Bwana Shamba kabla ya kununua dawa. Pita shambani mara kwa mara mahindi yangali machanga. Ukiona mayai yamerundikana jani moja na kufunikwa kwa manyoya kama pamba, yaponde kwa vidole. Kazi hiyo haina gharama. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na mwaka ule nilinunua unga miezi minne kabla ya desturi yangu.