Maua Yaombayo Amani

Aonaye kwa mara ya kwanza mchoro wa kale wa Kichina wenye chombo cha maua aweza kudhani kwamba mchoraji alikusudia kupendeza macho tu. Sivyo. Kwa Wachina, maua yaliyopangwa chomboni ni maneno, na aliyelelewa katika mila zao huyasoma kama sisi tusomavyo jina la kanga.

Ufunguo wake umo katika lugha. Chombo cha maua kwa Kichina huitwa *ping*, neno litamkwalo sawasawa na *ping* lenye maana ya utulivu na amani. Hivyo kuchora maua chomboni ni kuiombea nyumba amani. Kila ua nalo huongeza neno lake: peoni ni utajiri na heshima, komamanga, kwa wingi wa mbegu zake, ni uzazi, yungiyungi, litokalo topeni bila kuchafuka, ni moyo safi.

Lakini historia yatuonyesha kwamba wapenzi wa maua hayo hawakujaliwa amani sikuzote. Mfalme Huizong, aliyeanza kutawala mwaka 1100, alikuwa mchoraji hodari wa maua na ndege. Maofisa wake waliwataabisha raia wa kusini kwa kuwanyang'anya mimea na mawe ya kupambia bustani zake, hata mwaka 1120 raia wakaasi chini ya Fang La. Mwaka 1127 mji mkuu, Kaifeng, ulitekwa na Wajurchen kutoka kaskazini. Huizong alichukuliwa mateka, akafia utumwani mwaka 1135.

Watawala waliosalia walihamia Hangzhou. Huko Li Song, aliyekuwa seremala ujanani mwake, alichora juu ya hariri vikapu vya maua, kila msimu na maua yake. Kimoja, cha maua ya kiangazi, kimehifadhiwa Beijing hata leo.

Mwaka 1644 utawala wa Ming nao ulianguka. Mchoraji Chen Hongshou alijificha miongoni mwa watawa wa Kibuddha mwaka 1646. Baadaye akarudi uraiani, akaishi kwa kuuza michoro yake. Yeye pia alichora maua katika vyombo vya kale.

Twaona, basi, kwamba chombo kile si pambo tupu. Ua lililokatwa hunyauka kwa siku chache, na falme nazo huanguka; bali dua iliyochorwa juu ya hariri yaendelea kuomba.