Fahamu: Ndege kongwe za kivita na historia yake Morogoro

Ndege kongwe ya kivita ni ile iliyotumiwa na majeshi zamani, hasa katika Vita Kuu viwili vya Dunia, kisha ikakarabatiwa ili iruke tena. Wapenzi wa ndege hizi huzirusha kwenye maonyesho. Wengine hushindana kwa kasi wakizunguka minara, kama ilivyofanyika Reno, Marekani, kuanzia 1964 hadi 2023.

Morogoro inahusikaje?

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani Agosti 26, 1916, na Kikosi cha 26 cha ndege zao, chenye Waafrika Kusini wengi, kikaweka kituo hapa. Ndege za BE2c na Henri Farman ziliwatafuta askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini. Kazi ilikuwa ngumu. BE2c iliundwa kwa mbao na kitambaa, vitu vinavyoharibiwa haraka na jua na mvua za huku. Henri Farman, yenye fremu ya chuma, ilistahimili zaidi. Misitu nayo iliwaficha wapiganaji. Historia hii haikamiliki bila wapagazi Waafrika, waliobeba mizigo ya vita hivyo mabegani na kufa kwa maelfu.

Je, ndege kongwe bado hupita Tanzania?

Ndiyo, kwa nadra. Mwishoni mwa 2016, msafara wa ndege za zamani uitwao Vintage Air Rally uliruka kutoka Krete hadi Cape Town kupitia Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar. Zilikuwamo Tiger Moth na Stearman, aina zilizowafunza marubani wa Vita vya Pili vya Dunia.