Ua la bluu kwenye udongo wa ntumba

Mwezi wa saba, Sumbawanga haina huruma na mpenda maua. Upepo unavuma kutwa nzima juu ya uwanda wa Ufipa, nyasi zimegeuka rangi ya mkeka mkuukuu, na alfajiri watu wanatoka wamejifunika makoti, maana mji umekaa juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua zikishaondoka, hazirudi hadi Novemba. Miezi hiyo yote, kando ya ukuta wa matofali ya kuchoma wa nyumba ya shangazi yangu, safu moja ya majani hubaki kijani. Ni agapanthasi.

Wengi wanaufahamu mmea huu kwa sura kuliko kwa jina. Majani yake ni marefu kama mikanda, yameinama pande zote. Mvua zikishika, katikati yake huchomoza bua tupu linalofika kiunoni na zaidi, na kileleni hufumuka kichwa cha vimaua vya bluu, makumi kwa makumi, kila kimoja kama kitarumbeta. Asili yake ni Afrika Kusini. Ni jamaa wa kitunguu maji na kitunguu saumu, na jina lake limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: upendo na ua.

Mche wangu wa kwanza nilipewa na shangazi. Nikaupanda chini ya mparachichi ili jua lisiuunguze, nikaumwagilia kila jioni. Miaka mitatu ukanipa majani matupu. Shangazi alipokuja kunitembelea aliutazama, akatikisa kichwa. “Mwanangu, umeufungia ndani. Utoe juani.” Tulipouchimba nikaliona kosa langu kwa macho: mizizi minene kama vidole vya mtoto, myeupe, imejaa maji, na upande wenye tope ilikuwa imeoza na kunuka. Mmea unaojiwekea akiba ya maji namna ile hautaki ndoo kila jioni. Unataka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji.

Udongo huo Wafipa wanajua kuutengeneza tangu enzi za mababu. Mvua zinapoelekea kwisha, wakulima hupindua nyasi kwa jembe na kuzifukia ndani ya vilima vya duara, ntumba, vinavyotapakaa shamba zima kama watu walioketi mkutanoni. Nyasi zinaozea humo. Msimu unaofuata vilima huvunjwa na kusambazwa, ulezi ukapandwa juu ya udongo mweusi na laini. Miaka yote niliyopita katikati ya mashamba hayo, sikuwahi kufikiri kwamba maarifa ya ulezi yangefaa mbele ya nyumba. Shangazi alitengeneza ntumba moja ndogo kando ya uzio mwezi wa tatu, Novemba akaivunja, akaitandaza, akaupanda mche wangu hapo. Mbolea ya kukuzia hakuitia hata chembe, kwa sababu ikizidi hunenepesha majani na kuyanyima maua nguvu.

Fungu likisongamana, yaani kila baada ya miaka minne au mitano, ligawe. Chimba mvua zinapoanza, kata kwa panga kali, kila kipande kibaki na chipukizi na mizizi yake. Acha sentimita 40 hivi kati ya mche na mche, na usiuzike kwa kina. Shingo ifunikwe kidogo tu. Vaa glavu, kwa kuwa utomvu wake huwasha. Mche uliogawanywa ukikosa maua msimu wa kwanza, usiung’oe. Mbegu nazo huota, ila kuliona ua lake huchukua miaka miwili, mitatu, au zaidi.

Kwenye mbegu ndiko ninakoomba tuwe waangalifu. New Zealand waliupanda mmea huu bustanini, nao ukatoroka ukawa gugu. Sisi tuna msitu wa Mbizi hapa juu ya mji, makazi ya mbega wekundu, na hatuna Mbizi ya pili. Kwa hiyo maua yakinyauka, kata bua mapema, kabla vifuko vya mbegu havijakauka na kupasuka. Mimi mabua yangu nayatia motoni. Januari nilikata tisa, yote ya mche ule ule wa chini ya mparachichi.