Katapila Bovu Nyuma ya Korona: Mtaji au Skrepa?



Kila mavuno yakiisha na hela ikiwa bado mkononi, huku Handeni na Korogwe linarudi swali lilelile: "Bwana shamba, kuna katapila la zamani limelala nyuma ya korona ya mkonge, haliwaki, mwenyewe anauza bei chee. Tulinunue tulifufue?"

Siyo swali la kijinga. Ukitoka Mkata kwenda Kabuku, au ukiingia ndani huko Kwaluguru, pori letu ni vichaka, miiba na visiki. Trekta la matairi linatobolewa na kisiki halikisukumi, lakini katapila linapita. Kukodi ni ghali, na mwenye mtambo anakuja siku anayotaka yeye. Kwa hiyo kikundi kinachochangishana hela ya mahindi au alizeti kina sababu ya kuangalia chuma kile kwa tamaa. Ila hela hiyo ndiyo mbegu na mbolea ya msimu ujao, na ikizama pale hakuna kulima.

Waliotutangulia

Nchi hii iliwahi kujaribu jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, baadaye wakaenda Urambo na Nachingwea. Vita vilikuwa vimeisha na trekta mpya hazipatikani, basi wakanunua makatapila yaliyotumika, mengine masalia ya jeshi kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa trekta, zikaitwa Shervick.

Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500. Kabla mwaka haujaisha, karibu theluthi mbili ya trekta zilikuwa hazifanyi kazi. Vipuri vilikuwa shida, mafundi wachache, na udongo wa Kongwa ulikuwa unakula chuma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Kama serikali yenye hazina yake ilikwama kwa vipuri na mafundi, kikundi cha watu 8 kisianze na bei ya kununulia. Kianze na vipuri na fundi.

Anza kukagua chini

Muuzaji atakuonyesha injini. Wewe inama chini kwanza. Cheni, pini na bushi zake, rola, na lile gurudumu la meno linalovuta cheni ndivyo vinavyokula hela. Watu wa mitambo husema karibu nusu ya gharama za matengenezo ya katapila iko huko. Meno yakiwa yamechongoka kama ncha ya kisu, jua seti nzima inaelekea kwisha.

Kisha injini. Muulize ilizima lini na kwa nini. Injini iliyokwama kwa kutu na injini iliyonoki ni vitu viwili tofauti. Legeza nati ya kumwagia oili polepole: maji hukaa chini ya oili, kwa hiyo yakiwepo yatatangulia kutoka. Ikiwa imekwama, fundi afungue nozeli, amimine oili nyepesi kwenye silinda, aache siku kadhaa, halafu ajaribu kuzungusha krenki kwa mkono. Ukisikia mtu anasema "tulivute na trekta litashtuka," mzuie. Mnaweza kuvunja kilichokuwa kizima.

Caterpillar nyingi za zamani, kama D4 za miaka ya 1950, huwashwa kwa injini ndogo ya petroli iliyo pembeni. Hakikisha ipo na haijanyofolewa. Isipokuwepo, fundi aeleze injini kubwa itawashwaje na kwa gharama gani.

Tatu, klachi za kukatia kona. Kwenye mitambo mingi ya zamani ni za sahani kavu, na katapila likilala misimu kadhaa ya mvua, sahani hugandana kwa kutu. Injini inaweza kuwaka vizuri na bado mtambo ukakataa kugeuka.

Nne, namba ya mtambo. Iandike, uipeleke kwa wauza vipuri kabla ya kulipa hata senti. Kwa Caterpillar, wakala hapa nchini ni Mantrac. Usiulize tu kama kipuri kipo. Uliza bei na kitafika lini.

Hesabu ya kikundi

Bei ya kuanzia iwe ya skrepa. Chukua mtambo wa tani 14, yaani kilo 14,000. Tuseme, kwa mfano tu, chuma chakavu kinanunuliwa shilingi 800 kwa kilo: thamani yake ni shilingi milioni 11.2. Tumia bei ya leo ya eneo lako. Muuzaji akitaka zaidi ya hapo, akuonyeshe kinachofanya kazi. Faida ya hesabu hii ni kwamba mkishindwa, mnajua mtapoteza kiasi gani.

Kisha ongeza gari la kubebea, maana katapila halitembei kwenye lami. Ongeza vipuri, fundi, oili na dizeli ya majaribio. Juu ya jumla weka nusu nyingine ya akiba, kwa sababu chuma cha zamani kikifunguliwa huonyesha ugonjwa wa pili. Kama jumla hiyo inagusa hela ya mbegu, acheni. Kodini.

Halafu ulizeni kazi iko wapi. Pori likishasafishwa, kulima kwa kila msimu ni kazi ya trekta la matairi. Katapila linaishi kwa kusafisha mashamba mapya, kuchimba malambo na kupasua udongo ulioshindiliwa. Kabla ya kununua, pateni wateja walio tayari kutoa malipo ya awali. Maneno ya "nitakuita" si mkataba.

Na likishawaka, msikwangue shamba. Dereva akishusha bledi sana anasukuma udongo wote wa juu hadi pembeni, na mahindi yatapandwa kwenye udongo mfu. Ng'oeni visiki bledi ikiwa juu kidogo, ardhi ikiwa kavu.

Karatasi

Kama mtambo ni wa kampuni au ushirika, mlinzi na msimamizi hawawezi kuuza. Dai barua ya uongozi, hati ya mauziano yenye namba ya mtambo, na mashahidi wa serikali ya kijiji. Ndani ya kikundi pia andikeni nani ametoa kiasi gani na mwenye kujitoa atalipwaje.

Mkiwa na fundi aliyewahi kufungua mtambo wa aina hiyo, bei za vipuri mkononi, wateja waliotoa malipo ya awali na hela ya mbegu pembeni, nendeni mkalinunue. Kikikosekana kimoja, liacheni lilale palepale kwa mwenyewe.