Kuni za saiprasi Riruta: nunua ukavu, si wingi

Baridi ya Nairobi hubana kuanzia Juni hadi Agosti, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 10. Riruta Satellite, msimu huo ndio wa kuni na makaa kuchangamka. Ndio pia msimu wa mnunuzi kupunjwa.

Kuni nyingi za mtaani ni mabaki ya mbao. Saiprasi na paini hupandwa katika misitu ya serikali kama Kinale, hupasuliwa, kisha huletwa kwenye yadi na kwa mafundi wa fanicha wa Ngong Road. Fundi akikata mguu wa meza, kipande kinachobaki hutupwa kwenye gunia. Maranda huchukuliwa na wafuga kuku, na vumbi la mbao hushindiliwa ndani ya jiko la bati likawaka polepole. Ndiyo maana bei ya kuni hizi hufuata soko la mbao. Serikali iliposimamisha ukataji miti misituni Februari 2018, mbao za humu nchini ziliadimika, na mbao zikiadimika mabaki nayo huadimika. Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023.

Je, saiprasi inafaa? Mita moja ya ujazo ya saiprasi au paini iliyokauka ina kilo 450 hivi. Ya muwati hupita 700. Kilo kwa kilo, joto lake halipishani sana, na utomvu wa paini huiongezea kidogo. Tofauti ni kwamba gunia la saiprasi lina kilo chache, nalo huisha upesi. Mama anayechemsha githeri Kawangware analijua hilo: huwasha kwa vipande vya saiprasi, sufuria ikianza kutokota anasukumia muwati au mkaratusi, na moto unakaa.

Kinachomwumiza mnunuzi zaidi ni maji. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji hadi nusu ya uzito wake, na moto hutumika kwanza kuyachemsha. Kwa hiyo saiprasi kavu ya fundi huushinda mkaratusi mbichi, hata mkaratusi huo ukiwa mzito mkononi. Gonganisha vipande viwili: kikavu hulia kwa sauti kali, kibichi hutoa sauti nzito iliyozibwa. Tazama pia nyufa kwenye ncha.

Mbao yenye rangi ya kijani iliyotiwa dawa isikaribie jiko kabisa. Moshi na majivu yake huweza kuwa na aseniki. Na kwa kupasha chumba joto, sioni kuni ya kupendekeza katika nyumba isiyo na dohani. Moshi wa paini ni mwingi. Makaa hayana moshi lakini ni hatari zaidi: jiko likiachwa ndani mlango ukiwa umefungwa, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huua watu usingizini. Jiko likae nje, kinachoingia ndani kiwe chai na maji ya moto.

Wenye yadi nao wana nafasi wanayoipoteza. Mabanzi hurundikwa uani yakanyeshewa, kisha huuzwa kwa fungu, mabichi kwa makavu, bei moja. Paa la mabati na miezi michache ya kukausha vingempa muuzaji bidhaa ya kupima kwa kilo, na wenye vibanda vya chakula, wanaowasha moto kila siku, wangekuwa wa kwanza kuilipia zaidi.