Ampea Mbili za Ghafla

Simu ya 2G inapokaribia kupokea ujumbe, spika iliyo jirani nayo hukoroma. Mkoromo huo ni mapigo ya umeme. Mfumo wa GSM, unaotumiwa na simu hizo, huipa kila simu zamu ya kurusha mawimbi kwa mikrosekunde 577, kisha simu hunyamaza kupisha nyingine, na zamu hurudi kila baada ya milisekunde 4.6. Ni karibu mara 217 kwa sekunde, mlio ambao sikio huukamata bila shida.

Zamu hizo ndizo zinazowasumbua wanaojiundia vifaa kwa bodi ndogo za kielektroniki za Arduino. Juu ya Arduino huchomekwa bodi ya pili yenye modemu na nafasi ya laini ya simu, na hapo kipimo cha maji kwenye tangi kinaweza kutuma SMS. Modemu ya SIM900, mojawapo ya zilizozoeleka sana, huvuta hadi ampea 2 inaporusha kwa nguvu zote. Tundu la kawaida la USB la kompyuta hutoa nusu ampea. Ukipiga wastani, umeme unatosha; ndani ya ile nusu milisekunde, hautoshi hata kidogo.

Dalili huonekana kwenye taa ndogo ya mtandao. Modemu ikiwa inatafuta mnara, taa humweta takriban mara moja kwa sekunde. Ikishaupata, humweta kila baada ya sekunde 3 hivi. Umeme ukiwa haba, itamweta kwa kasi ile ya kutafuta mnara, kisha modemu ikijaribu tu kujisajili, kimya. Volti zikishuka chini ya 3.2, SIM900 hujizima yenyewe. Watu hukesha wakirekebisha programu, kumbe mkosaji ni waya mwembamba wa chaja.

Kwa hiyo bodi ya toleo jipya inapotangazwa kwa antena nzuri zaidi, mimi ningeigeuza kwanza nitazame kapasita zilizo karibu na modemu. Hizo ndizo akiba inayomwagwa wakati wa pigo.

Tofauti nyingine kati ya bodi na bodi ni ya pini. Bodi ya GSM ya Arduino yenyewe, yenye modemu ya Quectel M10, huzungumza kupitia pini ya 2 na ya 3. Kwenye Arduino Mega pini ya 2 haiwezi kusikiliza kwa njia hiyo, na maelekezo rasmi yanakutaka uikunje pini hiyo nje, kisha uvute waya hadi pini ya 10. Kwenye baadhi ya bodi za SIM900, njia ya kuwasha modemu kwa programu kupitia pini ya 9 imechorwa tayari lakini imeachwa wazi. Usipoilehemu, utaamka usiku kubonyeza kitufe kwa kidole.

Badiliko lisiloepukika lililetwa na kampuni za simu. Telstra ya Australia ilizima 2G Desemba 2016, AT&T ya Marekani ikafuata mwezi uliofuata, na SIM900 kwenye mitandao hiyo ikawa pambo. Nchini Kenya na Tanzania 2G bado inafanya kazi. Modemu za mtandao mpya zaidi wa LTE-M, kama SIM7000, hurusha kwa wati 0.2 badala ya 2 za GSM. Lakini SIM7000G hurudi kwenye 2G inapokosa LTE, na mbunifu wake bado analazimika kuiwekea kapasita za kuhimili ampea 2.