KUNA UZITO ANGANI USIOONEKANA

Ndugu msomaji, simama ufukweni mwa Ziwa Viktoria usiku usio na mbalamwezi. Utaona nini ziwani? Utaona taa za wavuvi wa dagaa, nyingi kama taa za mji. Lakini mitumbwi huioni. Wavuvi huwaoni. Nyavu nazo huzioni. Je, utasema kwamba ziwani kuna taa tu? La. Taa haielei yenyewe. Lazima pawe na kitu kinachoibeba.

Wataalamu wa nyota nao wamefikia jambo linalofanana na hilo. Wanasema kwamba nyota tunazoziona ni sehemu ndogo tu ya vitu vilivyoko. Kuna kitu kingine kizito kuliko nyota zote, nacho hakiwaki wala hakionekani. Wamejuaje? Hebu tufuate hatua kwa hatua.

Galaksi ni nini?

Jua letu ni nyota. Jua hilo, pamoja na nyota nyingine mabilioni, limo katika kundi moja kubwa. Kundi la namna hiyo huitwa galaksi. Ule mkanda mweupe unaopita angani usiku wa giza ni galaksi yetu, tukiitazama tukiwa ndani yake.

Galaksi kubwa iliyo jirani yetu inaitwa Andromeda. Mwezi wa Novemba, kama saa 4 usiku, ukitazama kaskazini na mawingu hayapo, utaiona kama doa dogo la ukungu. Nuru yake imesafiri miaka kama milioni 2.5 mpaka kufika machoni pako.

Galaksi huzunguka. Jua letu huzunguka pamoja na galaksi kwa mwendo wa kilomita 230 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Mwanza na kufika Dar es Salaam kwa sekunde 5 hivi!

Kombeo na jiwe

Anayefukuza ndege shambani hulizungusha jiwe kwa kombeo. Jiwe hutaka kukimbia, lakini kamba hulizuia. Ukizidisha mwendo, kamba nayo sharti iwe imara zaidi. Ikiwa dhaifu, itakatika na jiwe litaenda zake.

Angani hakuna kamba. Kinachozuia ni nguvu ya uvutano. Kila kitu chenye uzito huvuta vitu vingine. Kizito huvuta sana, na kilicho mbali huvutwa kidogo.

Tazama sayari zinazolizunguka Jua. Zebaki, iliyo karibu kabisa, huenda kilomita 47 kwa sekunde. Dunia yetu huenda kilomita 30. Neptuni, iliyo mbali sana, huenda kilomita 5 tu na kidogo. Ni kwa sababu karibu uzito wote uko katikati, kwenye Jua. Aliye mbali huvutwa kidogo, basi huenda polepole.

Katika galaksi pia, nyota nyingi zimesongamana katikati. Kwa hiyo wataalamu walitazamia kuona yaleyale: vilivyoko pembeni viende polepole.

Mwendo wa nyota hupimwaje?

Basi likija kasi huku likipiga honi, sauti yake ni nyembamba. Likishakupita, sauti hugeuka ikawa nzito. Honi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kwanza basi lilikuwa linakujia, na sasa linakwenda zake.

Nuru nayo hufanya hivyo. Kitu kinachotujia, nuru yake husogea kidogo upande wa rangi ya buluu. Kinachotukimbia, nuru yake husogea upande wa nyekundu. Jicho haliwezi kuona badiliko hilo dogo. Kipo chombo kinachoichambua nuru rangi kwa rangi, kama upinde wa mvua, na kulipima.

Galaksi inapozunguka, upande mmoja hutujia na mwingine hutukimbia. Wataalamu hupima sehemu moja moja, kisha huchora ramani. Panapotujia hupaka buluu, panapotukimbia hupaka nyekundu. Hiyo ndiyo ramani ya mwendo wa galaksi.

Waliloliona

Mwaka 1970, Wamarekani wawili, Bibi Vera Rubin na Bwana Kent Ford, walitangaza vipimo vya mawingu 67 ya gesi katika Andromeda. Mwaka 1978 Albert Bosma wa Uholanzi alionyesha vipimo vya gesi iliyo mbali zaidi, alivyopata kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1980 Bibi Rubin na wenzake walitoa vipimo vya galaksi 21.

Kumbe! Pembeni mwendo haukupungua kama walivyotazamia. Vilivyoko mbali vinakimbia karibu sawa na vilivyoko ndani. Jiwe linakwenda kasi mno, na wala kamba haijakatika! Basi kuna uzito mwingi unaovuta, nao hauonekani. Wataalamu wameuita maada ya giza. Maada ni kitu chochote chenye uzito. Wakiigawa maada yote ya ulimwengu katika mafungu 6, karibu mafungu 5 ni ya giza.

Ni gunia au ni mizani?

Mkulima wa pamba analijua jambo hili. Gunia linaonekana la kilo 50, lakini mizani inasema 80. Sababu zaweza kuwa mbili. Ama ndani kuna mchanga au maji, ama mizani ni mbovu.

Wataalamu nao waliulizana hivyo hivyo. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli alisema huenda kanuni yenyewe ya kupimia ndiyo inayotaka kurekebishwa. Wapo wanaomuunga mkono mpaka leo.

Ukiitilia shaka mizani, lipeleke gunia kwenye mizani ya pili. Mizani mojawapo ilirushwa kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilipokea miale ya eksirei kutoka kwenye makundi ya galaksi. Ikaja kujulikana kwamba miale hiyo hutoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi ya moto namna hiyo ingetawanyika kama mvuke wa sufuria isiyo na mfuniko, kama isingeshikwa na uzito mkubwa. Uzito unaoonekana hautoshi kuishika.

Kwa kuwa mizani zaidi ya moja zinakubaliana, wataalamu wengi wanaamini kuna kitu ndani ya gunia. Lakini gunia halijafunguliwa. Hakuna aliyekamata hata punje moja ya maada hiyo, na wanaendelea kuitafuta.

Tujifunze nini?

Mtu akisema kuna jambo lisiloonekana, muulize: umelipimaje? Nani mwingine amelipima? Katika Kanda yetu ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ati kwa sababu macho yao ni mekundu. Kumbe mara nyingi ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Hapo hakuna aliyepima kitu. Watu walisema tu, na damu ikamwagika. Mtaalamu wa nyota amepima miaka zaidi ya 50, na bado anasema: sijui ni kitu gani. Kusema hivyo si aibu. Ni uaminifu wa mpimaji.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini sayari ya Neptuni huenda polepole kuliko Dunia?
2. Ramani ya mwendo wa galaksi hutumia rangi gani, na kwa nini?
3. Hapo kijijini kwenu, ni jambo gani linalosemwa sana bila kupimwa?